Nani Huyu Aliyekalia Bizari?

Watoto, sogeeni karibu. Kabla sijaanza, nina kosa la kusema.

Siku moja mtoto aliniletea kitu mkononi, akaniuliza swali. Mimi nikamjibu bila kutazama. Akarudi, nikamjibu tena bila kutazama. Namshukuru Mungu, mtoto huyo hakunichoka.

Basi hadithi yenyewe ni hii.

Huko kwetu Upareni, juu mlimani, kuna nyumba yenye mlango wa kijani. Humo alikaa mtoto mmoja, jina lake Nanzia.

Nanzia alikuwa na miaka mitano. Mbele alikuwa na pengo moja, na ulimi wake ulipenda kuchungulia hapo pengoni.

Mimi ni shangazi yake, naishi naye humo. Kazi yangu ni tangawizi. Naiosha, naikata, naianika juani. Hata gauni langu la kanisani linanukia tangawizi, nami nimeshazoea.

Kila siku nikikata tangawizi, tulisikia sauti kutoka mbali.

Tok, tok, tok.
Tok, tok, tok.

Asubuhi, tok, tok, tok. Mchana wa jua kali, watu wote wamelala, bado tok, tok, tok.

Nanzia aliwahi kuniuliza ni nani anayegonga. Nikamwambia ni Fundi Kangero, anagonga ndoo zake za bati kule chini.

Kisu changu kilifuata nyundo ya fundi. Tok, nakata. Tok, nakata. Kazi ikawa nyepesi kama mchezo.

Sasa mwezi ule tulitia dirisha la kioo jikoni. Mtaa mzima hakukuwa na jiko lenye kioo. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kujiona.

Nilikisugua kioo kile. Nikakisugua tena. Nilitaka kila mpita njia akione. Nilikisugua mpaka kikawa hakionekani kabisa.

Asubuhi moja, nikiwa nje na tangawizi yangu, tukasikia kitu dirishani.

Pu.

Nanzia akakimbia kwenda kutazama. Chini ya dirisha, kwenye majani, alilala ndege.

Alikuwa mdogo sana. Angeweza kulala ndani ya kikombe cha chai.

Nanzia akachuchumaa. Akangoja ndege aamke. Ndege hakuamka. Akampulizia kidogo. Manyoya yakatikisika, ndege hakuamka.

Nanzia akajua. Akachana kipande cha jani la mgomba, akamlaza ndege juu yake. Akamnong'oneza.

"Wewe ni nani, mdogo wangu?
Niambie jina lako."

Ndege kimya.

Nanzia akaniletea ndege kwenye jani. Akaniuliza huyu ni nani.

Macho yangu yalikuwa kwenye kisu. Siku hiyo kisu kilikuwa kizito, sijui kwa nini. Nilikuwa nakata vipande vinene na vipande vyembamba, hovyo hovyo.

"Shomoro," nikasema.

Sikuinua hata kichwa.

Nanzia akaenda zake nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Akachimba shimo dogo kwa kijiko.

Lazima niwaeleze jambo hapa. Kwetu mtu akifa, hazikwi kimya kimya tu. Mtu mmoja husimama mbele ya wote na kusoma historia ya marehemu. Anaitwa nani. Amezaliwa wapi. Alifanya kazi gani. Ameacha nani.

Babu yake Nanzia alikuwa amefariki muda si mrefu. Nanzia alisikia historia yake yote, tangu mwanzo hadi amina. Aliipenda sana. Alisema sasa anamjua babu vizuri zaidi.

Kwa hiyo ndege naye alistahili historia. Bila jina, historia itaanzaje? Na bila historia, Nanzia hakuwa tayari kumzika.

Akasimama wima pale shimoni. Akasema marehemu anaitwa Shomoro.

Juu ya bati, shomoro wenyewe walikuwa wanagombania punje za wali. Chwi, chwi, chwi. Huyu anamvuta yule mkia.

Nanzia akawatazama. Hakuna aliyekuwa na huzuni. Halafu wote walivaa kahawia. Ndege wake alivaa koti jeusi.

Akarudi kwangu. Akaniambia hao shomoro si ndugu zake, maana hata hawajali.

Nikasema basi atakuwa chiriku. Macho bado kwenye kisu.

Nanzia akaenda kwenye alizeti. Chiriku walikuwa huko, wanakula mbegu. Ki, ki, ki. Wa njano, wanono, wenye midomo mifupi.

Akainua jani, akalinganisha. Chiriku hawana koti jeusi. Akatikisa kichwa.

"Wewe ni nani, mdogo wangu?
Niambie jina lako."

Ndege kimya.

Na sisimizi walikuwa wameshapata habari. Mmoja alipanda juu ya jani. Nanzia akampuliza. Wakaja wawili. Akawapuliza.

Akarudi kwangu mara nyingine, mbio mbio. Mimi nikaudhika. Nikamwambia aniache nimalize kazi. Nikamwambia ndege ni ndege tu, amfukie yaishe.

Nanzia hakulia. Alisimama tu, ulimi wake umejificha.

"Shangazi," akasema, "na babu alikuwa mtu tu?"

Watoto, babu yake Nanzia alikuwa baba yangu mimi.

Nikaweka kisu chini. Nikafuta mikono kwenye kanga. Nikapiga magoti, nikamtazama ndege.

Nilimtazama kweli, kama ilivyonipasa tangu mwanzo.

Alikuwa na koti jeusi linalong'aa. Usoni alikuwa na mistari miwili myeupe, imenyooka kama imechorwa na fundi wa rangi. Mabawa yake yalitiwa uzi wa njano pembeni. Mdomo wake ulikuwa mnene, wenye vindevu.

Tumbo lilikuwa la kijivu, laini kama pamba ya mto.

Nikatazama na dirisha langu. Palikuwa na unyoya mmoja umenata kwenye kioo. Nikaelewa. Niling'arisha kioo mpaka ndege akadhani ni njia.

Nikamwambia Nanzia pole. Nikamwambia sikutazama, na hilo lilikuwa kosa. Akaniuliza sasa je, huyu ni nani.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo ndilo lililonipasa kulisema tangu asubuhi. Lilipotoka nikapumua.

Tukakubaliana twende tukaulize. Nanzia alibeba jani. Mimi nilibeba kazi ya kufukuza sisimizi.

Kwanza tulikwenda kwa jirani yetu, Mama Eliakunda. Yeye anafuga kuku. Kuku wake wana majina, na wakiitwa wanaitika.

Mama Eliakunda akamtazama ndege upande huu na upande ule. Akasema yeye anajua ndege wanaotaga mayai ya kuuza, na anajua ndege wanaoiba vifaranga. Huyu hafanani na hawa wala wale.

Halafu akamnong'oneza Nanzia. Akasema ndege mwenye ndevu hajawahi kumwona, labda ni mchungaji.

Nanzia akacheka, pengo lote likaonekana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka siku hiyo.

Lakini jina hatukupata.

"Wewe ni nani, mdogo wangu?
Niambie jina lako."

Ndege kimya.

Mama Eliakunda akasema tumwulize Fundi Kangero, yeye huzunguka vijijini na ndoo zake na huona mengi. Akaja pamoja nasi. Jogoo wake mmoja naye akaja, bila kualikwa.

Tulimkuta fundi amekaa kwenye kigoda, anapaka ndoo rangi. Brashi yake ilienda taratibu. Shwa, shwa.

Nanzia akamwamkia. Mimi nikamwuliza mbona leo hagongi, kisu changu kimekosa mwenzake.

Fundi akashangaa. Alisema bati lilimwishia siku nyingi. Alikuwa anapaka rangi tu, wiki nzima.

Nikamwambia haiwezekani. Jana nimemsikia. Tok, tok, tok.

"Dada," akasema fundi, "hiyo tok tok si wewe unayetwanga?"

Nikamwambia mimi sitwangi, mimi nakata. Kutwanga ni kwa Mama Eliakunda, anatwanga mahindi ya kuku.

Mama Eliakunda akaweka mikono kiunoni. Akasema mahindi yake husagwa mashineni siku zote. Yeye alidhani tok tok ni mtu anajenga nyumba ng'ambo ya kijito. Hata alikuwa anashangaa nyumba gani hiyo isiyokwisha.

Tukatazamana. Jogoo naye akatutazama.

Siku zote mimi nilimsifu fundi kwa bidii yake. Fundi alinisifu mimi. Mama Eliakunda alimsifu mjenzi asiyekuwepo. Na kumbe hakuna kati yetu aliyekuwa anagonga.

Tukanyamaza, tukasikiliza.

Shwa, ilisema brashi.

Hakukuwa na tok. Tangu asubuhi hakukuwa na tok.

Nanzia akatazama jani. Akatazama juu. Akatazama jani tena.

"Labda ni huyu," akasema.

Sisi wakubwa tukacheka, lazima niseme ukweli. Fundi akaweka nyundo yake karibu na ndege. Nyundo ilikuwa kubwa kuliko ndege mara nyingi. Akauliza kwa upole mtu mdogo hivi angegongaje mlima mzima ukasikia, na hata nyundo hana.

Nanzia hakurudi nyuma. Alisema kama ni yeye, basi alikuwa anafanya kazi kila siku na hakuna aliyemwambia pole na kazi. Na sasa atazikwa bila mtu kujua.

Tukaacha kucheka.

Fundi alikuna kichwa kwa mpini wa brashi, akajipaka rangi ya bluu sikioni. Akasema yuko mtu mmoja tu anayejua sauti zote za mlima huu. Ni Bibi Nakunda.

Basi tukaenda kwa Bibi Nakunda. Nanzia mbele na jani, mimi nyuma yake, kisha Mama Eliakunda, kisha fundi na sikio lake la bluu. Jogoo wa mwisho.

Bibi Nakunda alikuwa kibarazani, anachambua maharage kwa vidole. Macho yake yaliacha kuona zamani. Lakini alitujua wote kwa nyayo zetu kabla hatujafika. Hata jogoo alimtaja, akauliza huyo naye amefuata nini.

"Shikamoo, Bibi," akasema Nanzia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta nini, unatembea polepole kama umebeba mayai?"

Nanzia akamweleza yote. Akamweka ndege kwenye kiganja cha Bibi.

Bibi akampapasa kwa kidole kimoja. Akapapasa mdomo. Akapapasa vindevu.

Kisha akasema yeye siku hizi anawajua ndege kwa sauti tu. Akasema, "Mwambie aseme."

"Hawezi kusema, Bibi. Amekufa."

"Basi sema wewe kwa niaba yake."

Nanzia hakujua ndege huyu alisemaje. Lakini moyoni alikuwa na wazo lake, lile ambalo tulilicheka. Akatazama chini. Akatutazama sisi. Nikamwitikia kwa kichwa.

Akasema kwa sauti ndogo. "Tok. Tok. Tok."

Bibi Nakunda akatabasamu mpaka mikunjo yote ya uso ikatabasamu naye.

Akasema huyo wa tok tok anamjua sana. Huyo ni kitororo. Akatuuliza, kwani nyie mlidhani ni nani?

Fundi akakohoa. Mama Eliakunda akaanza kumsaidia Bibi kuchambua maharage. Mimi nikarekebisha kanga.

Lakini Nanzia alitaka kuwa na hakika. Alishamwita ndege wake shomoro, akakosea. Alishamwita chiriku, akakosea. Hakutaka kumkosea mara nyingine.

Akamwuliza Bibi, kitororo alikuwa amevaaje, siku zile macho yako yalipoona?

Bibi akafikiri. Maharage yakasimama.

Akasema kitororo ana koti jeusi. Nanzia akasema analo. Ana mistari myeupe usoni. Nanzia akasema anayo. Ana ndevu chache. Nanzia akasema anazo, Mama Eliakunda ameziona.

"Basi bado moja," akasema Bibi. "Inua mabawa yake taratibu. Tazama mgongoni, chini kabisa, karibu na mkia. Tulipokuwa wadogo tulimtania kwamba alikalia bizari mama yake akipika."

Nanzia akashika bawa moja kwa vidole viwili. Akaliinua.

Sote tukainama. Hata jogoo aliinama.

Pale chini, karibu na mkia, palikuwa na njano. Njano safi, ya kuwaka. Kama kweli alikalia bakuli la bizari, akainuka na kwenda zake.

"Amekalia bizari," akasema Nanzia.

Akasema tena, polepole, kama anayeonja. "Kitororo. Unaitwa Kitororo."

Ndege alikuwa kimya. Lakini sasa tulimjua.

Bibi Nakunda akaomba fimbo yake. Kwetu msiba hauachwi, akasema, mkubwa au mdogo. Nikamshika mkono, tukateremka wote mpaka kwenye migomba.

Fundi akaongeza shimo kidogo, likawa zuri. Akavua kofia. Mama Eliakunda akamshika jogoo asije akapekua kaburi la watu.

Nanzia akamlaza Kitororo na jani lake. Akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, kama alivyofanya baba yake siku ya babu.

Nitawaambia maneno yake, maana sijayasahau.

"Marehemu anaitwa Kitororo. Alizaliwa kwenye mti. Hatujui mti gani, tutauliza. Kazi yake ilikuwa kugonga. Aligonga asubuhi na mchana. Shangazi alikuwa anakata tangawizi kwa sauti yake. Tulidhani ni Fundi. Tunasema pole na kazi, na samahani."

Fundi akaitikia kwamba hata yeye anasema samahani.

"Marehemu ameacha," akasema Nanzia.

Hakujua ameacha nani. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimejifunza, sikusema kitu.

Nanzia akaangalia chini shimoni. Alisema labda hakuacha mtu yeyote. Labda alikuwa peke yake.

Upepo ukapita kwenye migomba.

Na hapo, juu ya mparachichi, juu kabisa, tukasikia.

Tok.

Tukangoja.

Tok, tok, tok.

Bibi Nakunda akainua kidole kimoja kuelekea juu. Nanzia akakifuata kidole kwa macho. Akatafuta tawi kwa tawi, jani kwa jani.

Akamwona.

Kitu kidogo, cheusi, chenye mistari myeupe usoni. Koo lake likavimba, tok. Likavimba, tok. Akageuka kutuonyesha mgongo, na chini ya mgongo ilikuwepo ile njano.

Na sisi wakubwa tukamwona kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumekaa naye miaka yote hiyo.

Fundi akasema kwa mshangao kwamba kweli, hana nyundo.

Nanzia akasimama wima tena.

"Marehemu ameacha mwenzake," akasema. "Yuko juu ya mparachichi. Ni mzima. Amina."

"Amina," tukaitikia.

Nami nikaomba kwa kifupi. Nikamwambia Mungu asante, kwamba sisi tulipokuwa tunahangaika kutafuta jina la huyu mdogo, Yeye alikuwa analijua. Nikamwomba anipunguzie majivuno ya kioo.

Tukafukia. Nanzia akaweka ua la alizeti juu. Tukanawa mikono kwa sabuni, mpaka viwiko.

Halafu kwetu watu wakitoka kuzika hawaondoki na njaa. Nikachemsha chai yenye tangawizi nyingi, na viazi vitamu. Fundi akala, akaambiwa habari za sikio lake la bluu. Kumbe alikuwa hajui siku nzima. Alicheka mpaka akamwaga chai.

Jogoo alipewa maganda. Alistahili, alihudhuria mwanzo hadi mwisho.

Baadaye Nanzia na mimi tukachukua vitambaa, vile vinavyobaki ukishona gauni. Vyekundu, vyeupe, vya maua. Tukavifunga kwenye uzi, tukavining'iniza mbele ya dirisha.

Vikapepea. Fru, fru, fru. Sasa kioo kilionekana na kila ndege mwenye haraka.

Wapita njia wakaanza kuuliza kwa nini nimelivalisha dirisha langu zuri matambara. Nanzia aliwajibu yeye mwenyewe. Kila aliyeuliza aliondoka anamjua Kitororo.

Jua likazama nyuma ya mlima. Nanzia akaoga, akanywa uji, akasali. Aliwaombea wazazi wake, akamwombea babu, akamwombea yule wa juu ya mparachichi apate usingizi.

Nikamfunika shuka. Nikapunguza taa.

Nje, gizani, kitu kikasema.

Prrrr. Prrrr. Prrrr.

"Shangazi," akasema Nanzia, macho nusu yamefumba, "huyo ni nani?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilikuwa nimeshakaribia kusema ni chura. Au ni ndege. Au ni mashine ya mtu.

Nikaufunga.

Nikaenda mlangoni, nikasikiliza. Nikatazama gizani. Giza lilikuwa giza, sikuona kitu.

Nikarudi kitandani.

"Sijui," nikasema. "Kesho tutamtafuta sote wawili."

Nanzia akasema sawa. Akageukia ukutani. Kabla sijahesabu hata vidole vyangu, alikuwa amelala.

Prrrr, kikasema kile kitu nje. Prrrr.

Nawe mtoto wangu unayenisikiliza, nina ombi moja. Ukiniletea kitu, nami nikakujibu bila kutazama, usiende zako. Nakuomba uniulize tena.